Mlango wa Chumba cha Hazina

Hoteli niliyofanyia kazi katikati ya jiji la Louisville ilikuwa benki miaka mingi kabla sijazaliwa, na walioinunua hawakutaka mgeni yeyote asahau jambo hilo. Walibadilisha mabomba, nyaya za umeme, lifti na kila kisichoonekana. Vilivyoonekana waliviacha kama vilivyokuwa: nguzo za marumaru, dari ya maua ya plasta yenye rangi ya dhahabu, vidirisha vya shaba ambako makarani wa zamani walipokea watu na ambako sasa wageni walipewa funguo za vyumba. Juma langu la kwanza kazini msimamizi alitufundisha dawa ipi ya kusafishia haipaswi kugusa shaba na ipi haipaswi kugusa marumaru. Kuhusu vitanda hakusema mengi.

Chini ya ardhi kulikuwa na chumba cha hazina. Zamani kilitunza fedha na mali za matajiri wa jiji, na sasa kilikuwa chumba cha chakula kwa sherehe ndogo. Kuta zake zilijaa visanduku vya shaba, kila kimoja na tundu lake la ufunguo. Mlango wake ulikuwa wa chuma, mnene kuliko urefu wa mkono wangu, na kwa nje ulikuwa na gurudumu kubwa kama usukani wa lori. Ukilizungusha, magogo ya chuma yalitoka ubavuni mwa mlango na kuingia ukutani. Kufuli lenyewe mafundi walilitoa, lakini gurudumu waliliacha likifanya kazi, kwa sababu wageni walipenda kulizungusha na kupigwa picha. Kwa ndani hapakuwa na kishikio chochote. Walioujenga mlango ule hawakuwa na sababu ya kufikiri kwamba kuna mtu angetaka kutoka.

Nilikuwa nikifanya kazi na mama mmoja Mkongo kutoka Uvira. Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma, na Kiswahili changu ni cha shule za kambi. Chake kilikuwa cha kwao, chenye maneno ya Kifaransa ndani yake, na mwanzoni tulichekana, kisha tukazoeana. Alikuwa na umri wa mama yangu, nami nilimwita Mama. Sote wawili tulikaa mtaa wa Highview, majengo mawili tofauti ya uwanja mmoja, na asubuhi alinipitia kwa gari lake akiimba nyimbo za kwaya yao. Kiingereza alikielewa kidogo, kwa hiyo msimamizi akitaka kumwambia neno, aliniambia mimi.

Mama hakupanda lifti. Hata tulipotumwa orofa ya juu kabisa, alinipa mkokoteni wa mashuka nipande nao, yeye akashika ngazi.

"Mi siingiake mu ile kitu," alisema. "Miguu Mungu alinipa ni ya nini?"

Nilidhani ni tabia tu ya mtu aliyezoea vijijini. Sikuwahi kumuuliza zaidi.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, na hoteli ilikuwa na harusi. Ndoa ingefungwa alasiri katika ukumbi wa juu, na chakula cha jamaa wa karibu kingeliwa jioni katika chumba cha hazina. Watu wa idara ya sherehe walikuwa pungufu, basi msimamizi akatutuma sisi tukaandae meza na kufuta vumbi kwenye visanduku. Simu zetu zilikuwa kwenye makabati ya wafanyakazi, kama sheria ilivyotaka.

Tuliegesha mkokoteni nje kidogo, kwenye kona ya ujia, tukaingia. Mama alikagua mlango kwa jicho la pembeni, kama kawaida yake. Ulikuwa umefunguliwa wote na kuegemezwa ukutani, umezuiwa na mnyororo. Tulitandika kitambaa cheupe, tukapanga sahani, glasi, majagi ya maji, ndoo tupu ya barafu, vitambaa vya kufutia mikono na mishumaa mirefu na kiberiti chake. Kisha tukaenda nyuma, ambako kulikuwa na kichumba kingine kidogo kilichotengwa kwa wavu wa shaba, tukaanza kufuta visanduku vya kule. Mtu aliyesimama mlangoni asingeweza kutuona.

Tulisikia wanaume wakicheka. Mmoja alisema kitu kuhusu picha. Sikujali, maana wageni walishuka kule kila wakati. Kisha masikio yangu yaliziba, kama mtu anavyosikia ndege inapopanda, na kikaja kishindo ambacho hakikuwa cha sauti kubwa lakini nilikisikia kifuani. Baada yake, chuma kikasuguana na chuma, polepole, kikakoma.

Mama aliangusha kitambaa chake. Tulikimbia wote wawili. Mlango ulikuwa umefungwa.

Niliusukuma. Ilikuwa kama kusukuma mlima. Nikapiga kwa viganja, nikapiga kwa kiatu, nikapiga kelele kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kirundi. Sauti yangu iliishia palepale usoni pangu. Nilimwambia Mama kwamba ni mchezo wa wageni, wanapiga picha, watafungua sasa hivi. Tulisimama tukingoja gurudumu lizunguke tena. Halikuzunguka.

Ndipo taa zikazimika.

Zilikuwa taa za kisasa, zilizowekwa jicho la kuona kama kuna mtu anayetembea, ili umeme usipotee bure. Sisi tulikuwa tumeganda mlangoni, na jicho likaamua kwamba chumba ni kitupu. Giza lile sijaliona pengine popote. Mama alitoa sauti ambayo sikujua kwamba inaweza kutoka kwa mtu mzima, akanishika mkono kwa kucha.

Nilirusha mikono hewani. Taa zikawaka. Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye chuma, jasho linamtiririka kana kwamba amemwagiwa maji.

"Usikae kimya," alisema. "Pandisha mikono. Isizimike tena. Ikizimika tena mi nakufa."

Basi tukawa tunatembea kuizunguka meza, tukipunga mikono kama watu wanaofukuza nzi. Na katika kutembea huko, bila kunitazama, aliniambia kile ambacho sikuwahi kumuuliza. Wakati wa vita kwao, yeye na dada yake walijificha ndani ya tanuru la kuchomea matofali, pamoja na watu wengine wa mtaa. Waliziba mdomo wa tanuru kwa matofali kutoka ndani. Waliposikia kimya nje walibomoa, wakatoka. Dada yake hakutoka.

"Hakupigwa risasi," alisema. "Hewa tu. Hewa iliisha, na mi nilikuwa namushika mukono."

Nilinyoosha kiganja kwenye tundu la kiyoyozi lililokuwa juu ya ukuta. Hakuna kilichopuliza. Nilipanda kiti, nikaweka shavu. Hakuna. Nilishuka nikasema, "Ipo, hewa ipo kidogo," naye akanitazama akajua kwamba nimedanganya.

Nilijaribu kufikiri kwa utulivu. Chakula kilikuwa cha jioni. Kabla ya hapo watu wote wangekuwa juu kwenye ndoa, na msimamizi angedhani tumeshamaliza na kupanda vyumbani. Mtu angekuja, hilo lilikuwa hakika, lakini sikujua kama sisi tungeweza kungoja. Nilikuwa na mtoto mdogo nyumbani na mume wangu alikuwa kazini Jeffersontown, kwenye ghala. Nilianza kuhisi kichwa kizito, na hadi leo sijui kama kilikuwa kizito kweli au ni woga.

Mama ndiye aliyesimama ghafla. Alikuwa anatazama dari.

"Ile kitu nyeupe," alisema. "Inasikiaka moshi, si ndiyo?"

Kilikuwa kitambua moshi, kikiwa na taa ndogo nyekundu. Nilielewa anakokwenda kabla hajaugeukia mshumaa, na nilisema hapana kwa sauti kubwa mno.

Nina sababu yangu ya kuogopa moto. Kambini nyumba zetu zilikuwa za nyasi, na nikiwa darasa la tatu upepo ulibeba cheche kutoka jiko la jirani na mstari mzima wa nyumba ukaungua wakati sisi tumesimama barabarani na ndoo tupu. Mtoto wa jirani alibaki ndani. Tangu hapo hata kiberiti naomba mtu mwingine anipigie.

"Moto utakula hewa, Mama. Hewa hiyohiyo iliyobaki."

"Bon. Na tukikaa, hewa itabaki?"

"Watakuja."

"Nani? Nani anajua tuko huku?" Alinishika mabega. Macho yake yalikuwa yametulia kwa mara ya kwanza tangu mlango ufungwe, na utulivu ule ulinitisha kuliko kilio. "Mwanangu, mi nilishangojea mara moja. Nilingojea vizuri, kimya, sawa vile balitwambia. Sitangojea tena."

Nilimzuia. Nasema wazi kwamba nilimshika mkono na tukavutana juu ya kiberiti, mimi na mtu mwenye umri wa mama yangu, na glasi moja ikaanguka ikapasuka. Taa zilituona vizuri. Kisha nikachoka. Mkono wangu uliachia wenyewe, nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikaziba mdomo.

Mama alivua viatu. Hata katika hali ile alivua viatu kabla ya kupanda mezani, juu ya kitambaa cheupe. Alikunja vitambaa vya kufutia mikono ndani ya ndoo ya barafu, ya shaba kama kila kitu, akaviwasha, akaiinua ndoo kwa mikono yote miwili kuelekea dari. Mwanzoni vilitoa mwali tu, wala si moshi. Alisema kitu kwa Kifulero, lugha ya kwao, pengine alikuwa anaomba. Kisha akaniomba maji. Nilimpelekea jagi, akanyunyiza kidogo juu ya moto, na moshi mzito wa kijivu ukapanda.

Ving'ora vililia. Taa nyeupe ilianza kupiga ukutani, kali, ikiwaka na kuzima. Mama alimwaga jagi lote ndani ya ndoo, akashuka, tukakumbatiana tukikohoa.

Furaha hiyo haikudumu. Nilikumbuka mafunzo yetu ya moto: ukisikia king'ora, acha kila kitu, toka, nenda uwanja wa magari ng'ambo ya barabara, usirudi. Kengele ile ilikuwa inawaambia watu wote wa jengo lile waondoke. Bibi harusi, wapishi, msimamizi, yeyote aliyekuwa karibu na ule mlango, wote sasa walikuwa wanakimbia kwenda mbali nasi. Na moshi ulikuwa wetu peke yetu.

Tulilowesha vitambaa vilivyobaki, tukalala sakafuni chini ya meza, nyuso kwenye zulia. Mama alinifunika mdomo kwa kitambaa na akaacha mkono wake pale. Tulikohoa. Taa ya ukutani ikawaka, ikazima, ikawaka. Wakati fulani nilihisi mtikisiko kupitia sakafu, kitu kikigonga mlango, na tukatambaa tukaanza kupiga chuma kwa miguu ya viti. Kisha mtikisiko ukakoma. Ukakoma kwa muda mrefu. Sijui kwa nini, lakini kimya kile ndicho kilichonifanya nilie.

Yaliyotokea upande wa pili niliyasikia baadaye kutoka kwa mwanamke Mbosnia wa chumba cha kufulia, ambaye mwanzo wake alisimuliwa na wazima moto na mwisho wake aliuona mwenyewe. Wazima moto walishuka wakajaribu gurudumu, na kwa unene wa chuma na kelele za ving'ora hawakusikia tukigonga. Gogo moja la chuma lilikuwa limekwama ukutani. Mkuu wao akaagiza mashine ya kukatia. Meneja wa hoteli akamwomba asubiri. Alisema mlango ule una zaidi ya miaka mia, umo katika vitu vya jengo vinavyolindwa na sheria, na yuko fundi wa milango kama ile, yuko Cincinnati, anaweza kupigiwa simu. Alisema ndani hamna mtu, ni meza tu, na moshi hauongezeki.

"Una uhakika hamna mtu?" mkuu wa zimamoto alimwuliza.

"Nina uhakika."

Mbosnia alikuwa uwanjani na wengine. Alitutafuta kwa macho akatukosa, na akakumbuka kwamba alipopita kule chini aliona mkokoteni wetu kwenye kona ya ujia. Alirudi ndani, akampita mtu aliyemzuia mlangoni, akashuka ngazi akipiga kelele kwa Kiingereza chake: wanawake wawili, wanawake wawili wamo mle! Aliniambia kwamba mkuu wa zimamoto hakumtazama tena meneja baada ya hapo.

Sisi tulichosikia ni mlio, mwembamba kwanza, kisha wa kupasua meno. Cheche ziliingia kupitia ufa. Mama alinivuta nyuma ya meza. Kisha mlango ulisogea, kidogo tu, na hewa ya ujia ikaingia, ya baridi, yenye harufu ya chuma kilichoungua. Mkono wenye glavu nene ukapita kwenye upenyo ukawa unatafuta, na Mama akaushika kwa mikono yote miwili. Hakukubali kuuachia mpaka upenyo ulipotosha yeye kupita.

Uwanjani walituwekea hewa ya chupa. Kijana wa gari la wagonjwa aliniambia kwamba kwa ukubwa wa chumba kile hewa ingetutosha mpaka usiku, pengine zaidi. Aliyasema kwa wema, ili kunituliza. Sikumtafsiria Mama. Rafiki wa bwana harusi, yule aliyezungusha gurudumu, alikuja akiwa amevaa suti na ua kifuani. Alilia waziwazi, akasema walitoa mnyororo wakafunga mlango kwa ajili ya picha moja, kisha gurudumu likakataa kurudi, naye akaona aibu akaondoka bila kumwambia mtu. Mama alimtazama muda, akampangusa machozi kwa kitambaa chake cha kazi.

"Muambie aende kwa harusi," aliniambia. "Mwambie niko muzima."

Jumatatu tuliitwa ofisini. Meneja alitupa viti, akauliza hali zetu, kisha akafika alikokuwa anakwenda. Kuwasha moto kwa makusudi ndani ya jengo la kihistoria ni jambo zito sana, alisema. Bima wanauliza. Mlango umekatwa na hauwezi kurudi kama ulivyokuwa. Alitaka kujua ni nani kati yetu aliyetoa wazo lile, na kwa nini hatukungoja.

Nilimtafsiria Mama. Alisikiliza huku mikono yake ikiwa juu ya mkoba.

"Mwambie hivi," alisema. "Mlango ni yake. Mapafu ni yangu. Donc, ye alitaka kulinda mlango, mi nililinda mapafu. Na ye alisema hakuna mutu ndani. Mi nataka aniulize mi, kama ndani kulikuwa mutu ao hakukuwa."

Kwa miezi yote niliyomtafsiria nilikuwa na desturi ya kulainisha. Akisema "hapana, nimechoka," mimi nilisema "anauliza kama inawezekana kesho." Siku ile nilifungua mdomo, nikasikia maneno laini yakijipanga, na nikayaacha yapite. Nilimwambia meneja maneno ya Mama yote, moja baada ya jingine, mpaka hilo la mwisho.

Meneja aligeuza kalamu. Kisha akasema, si kwangu bali kwa Mama, kwamba ndiyo, kulikuwa na watu ndani, na kwamba amekosea. Hakutufukuza. Mafundi walichomelea gurudumu lisizunguke tena, wakaweka kitufe chekundu cha dharura ndani. Mama hakurudi kukiona. Mwezi uliofuata alihamia Hilliard, karibu na Columbus, kwa binti yake mkubwa, akapata kazi ya kutunza wazee katika nyumba ya chini isiyo na ngazi wala lifti, yenye bustani.

Mimi nilibaki mpaka majira ya baridi. Mlango ulirudishwa mahali pake, umesuguliwa, lakini ubavuni lilibaki kovu refu la mashine. Jumapili moja nilikuwa nafuta visanduku wakati kijana aliyekuwa akiwatembeza wageni alipoingia na kundi dogo. Aliwaonyesha marumaru, akawaonyesha gurudumu. Mzee mmoja akauliza lile kovu ni la nini.

"Wezi," kijana alijibu. "Zamani hizo. Walijaribu kuingia wakashindwa."

Wageni waliguna kwa kufurahi. Mzee alipitisha kidole juu ya kovu. Nilisimama na kitambaa changu, kisha nikasema kwa Kiingereza kwamba si wezi. Kwamba ilikuwa mwaka huuhuu, kiangazi, na walioukata walikuwa wazima moto, na waliokuwa ndani ni mimi na rafiki yangu. Kijana alicheka kidogo, kisha akaacha. Mwanamke mmoja wa kundi lile aliutazama mlango, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kama rafiki yangu yuko salama. Nikamwambia yuko.

Jioni nilimpigia Mama simu Hilliard, nikamsimulia.

"Wezi?" aliuliza. "Mi na we?"

Na akaanza kucheka, cheko la tumboni ambalo sikuwa nimelisikia tangu asubuhi za kwenye gari lake, akacheka mpaka binti yake akaja kumuuliza kuna nini. Nilimsikia akimsimulia yote upya kwa lugha yao, huku mimi nimeshika simu jikoni kwangu, nikingoja amalize, mboga zikichemka.